Tulivyozunguka baa za Sheffield na Mangi bila kuzima

Mi naishi Leeds, na siku zote nimekuwa mtu wa bia baridi, ile chupa imetoka friji inatoa jasho. Mshkaji wangu nimuite Mangi maana ni mtu wa Moshi, yeye ni timu bia ya moto, kule bongo baamedi akiuliza "baridi au moto" keshajibu kabla swali halijaisha. Kwa hiyo alivyokuja kunitembelea nikaona huyu ndo wa kwenda naye kujaribu ale (aina ya bia) za pipa, zile waingereza wanazozitukuza, maana zinatolewa na ubaridi wa sela tu, ile stoo ya chini ya baa, nyuzi 11 mpaka 13 hivi, na hazina ile gesi ya kukwangua koo.

Tukaenda Sheffield jumamosi, treni moja kwa moja. Pale stesheni penyewe kuna baa kali sana inaitwa Sheffield Tap ila tukaipita kwa makusudi, mi nilishasema ile tunamalizia, maana ukianzia pale kutoka ni kazi, na ukimalizia pale treni unaifuata kwa miguu. Tukakanyaga mpaka Kelham Island, mitaa ya viwanda vya chuma vya zamani.

Sasa siri yenyewe ni nusu pinti. Pinti nzima ni mililita 568, piga hizo kila baa uone kama saa kumi jioni utakumbuka jina lako. Sisi kila mtu nusu, na marufuku kuagiza inayofanana na ya mwenzio, tunaonjeshana. Najua wabongo mtasema glasi ndogo aibu, huku hakuna anayekuangalia aisee. Halafu huku unalipa hapo hapo kaunta kila ukiagiza, hakuna kujaza chupa tupu mezani zije kuhesabiwa mwisho wa siku, kwa hiyo mfuko wenyewe unakupa breki.

Tulianzia Fat Cat, ipo tangu 1981, jirani yake ndo kilikuwepo kiwanda kidogo kilichotoa Pale Rider, bingwa wa bia Uingereza 2004. Kiwanda kilifungwa 2022 ila bia haikufa, kiwanda kingine, Thornbridge, ndo wanaitengeneza. Mi nikachukua Moonshine ya kiwanda cha Abbeydale, kilevi asilimia 4.3, Mangi akang'ang'ania Pale Rider ya 5.2 nikamwambia mzee siku bado ndefu, hakusikia. Dada wa kaunta akavuta ule mpini wa pampu taratibu, glasi nzima ikawa povu tupu, akaiacha kidogo, povu likaanza kupanda juu polepole huku chini kunabaki rangi ya dhahabu, akaongezea. Huku kaskazini wanafunga kidude chenye vitundu kwenye mdomo wa bomba, ndo kinaleta povu zito hivyo. Mangi akapiga funda, akanyamaza, akasema "kaka hii ni mbege ya wazungu". Na hajakosea sana, hamira bado iko hai mle kwenye pipa inaendelea na kazi yake, na pipa likishafunguliwa lina siku kama tatu tu kabla halijaanza kuchacha.

Tukala pai hapo hapo, na sosi ya Henderson's ambayo ndo fahari ya Sheffield, usiende kwenye hii kitu na tumbo tupu. Kelham Island Tavern nikajaribu zile nyeusi, mild (aina ya ale isiyo kali) moja laini sana, ndo iliyonibadilisha mawazo kabisa. Baa moja sitaitaja tulipewa inanuka siki, Mangi akataka kunywa hivyo hivyo eti hela imeshalipwa, mi nikairudisha, jamaa akainusa akatubadilishia bila neno. Kila kituo glasi ya maji, bure.

Jioni ndo tukarudi Sheffield Tap, ukumbi wa mwaka 1904 uliokuwa wa abiria wa daraja la kwanza, vigae mpaka ukutani, ulikaa umetelekezwa mpaka ukafunguliwa kama baa 2009. Hapo ndo nikaruhusu bia kali, Jaipur ya asilimia 5.9, nusu tu, macho kwenye saa ya treni.

Mangi keshaanza kuuliza habari za Huddersfield, nilimwambia stesheni yao ina baa mbili, moja kila upande wa jengo. Nimemwambia poa, ila hiyo nauli ni juu yake.