Land Cruiser HZJ75, Mtwara: diski za nyuma hazishiki

Hali ya gari kwa sasa: pikapu imeinuliwa sentimita 5, ina matairi ya inchi 35, na ekseli ya nyuma imeondolewa drami ikafungwa diski. Pedali ni ngumu na haizami, lakini kinachoshika ni mbele tu. Kwenye mchanga wa Msimbati ni vigumu kuligundua tatizo. Kwenye mteremko wa kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma, hasa ukiwa na mzigo, halijifichi.

Ushauri wa kwanza wa gereji nyingi ni kufunga masta (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) kubwa zaidi. Hapana. Kutoka inchi 15/16 kwenda inchi 1, kwa nguvu ileile ya mguu, presha inashuka takriban asilimia 12. Masta kubwa ni dawa ya pedali inayozama. Pistoni za kalipa zetu (vibanio vya diski) ni za kipenyo cha milimita 48. Zikisogea nusu milimita pande zote mbili zinahitaji mafuta sentimita za ujazo 1.8 tu. Mafuta yanatosha, kinachopungua ni presha, na presha hupimwa.

Kunyanyua magurudumu na kuyazungusha kwa mkono huku mwenzako amekanyaga hakukuambii kitu, maana mkono hautofautishi bar 15 na bar 60. Toa nipeli ya upepo ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa), funga geji ya bar 0 hadi 200 (kwenye kalipa hizi nyuzi ni M10×1), ondoa hewa kwenye mpira wa geji, kisha kanyaga. Mbele ilisoma 70, nyuma 22.

Presha inaishia kwenye vavu inayopima mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, na fimbo yake imeshikwa kwenye ekseli. Mzigo ukishusha chesisi, mkono wa vavu hupanda na breki za nyuma huongezewa presha. Ukiinua gari, mkono unashuka. Vavu inaamini bodi ni tupu siku zote, hata ukipakia korosho hadi juu. Hapa kishikio cha fimbo kwenye ekseli kimepandishwa sentimita 5 kwa kipande cha chuma cha milimita 6, bolti za daraja 8.8 na nati za kujikaza. Nyuma ikafika 41.

Hiyo bado haitoshi. Viatu vya drami hujivuta vyenyewe drami inapozunguka, diski haina msaada huo, kwa hiyo inahitaji presha zaidi ya ile vavu iliyopangiwa. Fimbo ikarefushwa kwa nati zake, kidogo kidogo, geji ikiwa imefungwa, hadi 48. Usiing'oe vavu kabisa: bodi tupu kwenye barabara ya udongo iliyolowa, magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na gari itageuka. Jaribu mahali pa wazi. Mbele ndiyo ianze kufunga.

Mengine ya kuangalia gari ikiwa juu. Nipeli lazima iwe upande wa juu wa kalipa. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, hewa haitoki ng'o. Pedi ya ndani ikiwa imelika kuliko ya nje, pini za kuteleza zimekwama, na kwa chumvi ya pwani yetu hilo ni la kawaida: piga msasa laini, paka grisi ya silikoni, si grisi ya bearing, ambayo huvimbisha mpira. Pedi iliyolowa oili ya difu kutoka kwenye sili ya habu, itupe. Baadhi ya masta za drami hubakiza presha ndogo, kama bar 0.7. Ukiachia pedali na gurudumu bado ni zito kuzunguka, hapo pedi zitachemka na kuwa kama kioo.

Wakati wa kutoa upepo, stendi ziwe chini ya ekseli. Ukiziweka chini ya chesisi ekseli itaning'inia na vavu itabana njia. Mafuta ya breki ya DOT 4, lita 1, yanatosha, kopo jipya. Hewa ya hapa ina unyevu, na DOT 4 inayochemka kwenye nyuzi joto 230 ikiwa kavu inaweza kushuka hadi 155 ikishanyonya maji.

Pedi mpya zizoezwe: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10, mara 10 hivi, bila kusimama kabisa. Kilichobaki ni hendi breki, maana kalipa hizi hazina. Kwa sasa gari inapaki na kabari.