Hesabu za wakulima na maswali ya mlangoni

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku mkoani Tabora. Masoko yakifunguliwa, kazi yangu kubwa ni kuandaa malipo ya kila mwanachama: kuangalia uzito na daraja la kila robota, kuzidisha kwa bei ambayo huwekwa kwa dola kwa kilo, kugeuza dola kuwa shilingi, kisha kuondoa makato ya pembejeo na ya chama. Hatua hizo hufuatana, na mtu akikukatiza katikati, hakuna kitakachokuonyesha kwamba umeruka mojawapo, kwa kuwa jumla itakayotokea bado inaweza kufanana na malipo halali.

Wanaoingia kwa kawaida ni wazee, wenye swali moja tu: je, fedha zimefika benki? Jibu halichukui hata dakika, na wengi huamini kwamba swali fupi halidhuru. Hata hivyo, utafiti wa Erik Altmann na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2014, ulionyesha kuwa kukatizwa kwa wastani wa sekunde 2.8 tu kuliongeza maradufu makosa ya kufuata mpangilio wa hatua.

Kufunga mlango sikukutaka, maana mzee aliyetoka kijijini kwa baiskeli haambiwi arudi baadaye. Tulichofanya ni kubandika nje orodha ya makundi ambayo malipo yao yamekwisha kutumwa benki, na karani akawa ndiye wa kwanza kuulizwa. Orodha hiyo imenisaidia kuliko kuzima simu, ingawa simu pia huizima hadi saa nne asubuhi.

Kwa anayenifikia, husema, "Shikamoo mzee, niwie radhi kidogo," kisha huandika kwenye karatasi jina la mwanachama niliyemfikia na hatua inayofuata, kwa mfano "ondoa mbolea", ndipo nimgeukie. Sophie Leroy na Theresa Glomb, katika utafiti wao wa mwaka 2018, walieleza kwamba mpango mfupi wa namna hiyo huiondoa akili kwenye kazi iliyoachwa, hivyo hata mgeni husikilizwa vizuri zaidi. Nami naona wazee hawalirudii swali kama zamani.

Aliyebaki ni mwenyekiti wetu, ambaye aliuidhinisha utaratibu huu mwenyewe na bado huingia wakati wowote. Kwake natumia karatasi ileile.