Vinia za meno: nilivyofunika rangi ya maji ya Meru

Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Mtu wa kaskazini akisoma hapo tu, ameshajua meno yangu yalikuwaje: kahawia juu, mistari myeupe isiyo na mpangilio, na vishimo vidogo kwenye yale mawili ya mbele kabisa. Leo nina vinia, yaani maganda membamba yaliyobandikwa mbele ya meno, nacheka mdomo wazi, na nataka kueleza nilivyofika hapa kwa sababu ushauri mwingi niliopewa njiani ulikuwa mbovu, na najua kuna watu bado wanapewa huo huo.

Ubovu unaanzia kwenye kudhani kwamba rangi ile ni uchafu. Niliambiwa nisugue kwa mkaa, kwa majivu, kwa ndimu na magadi soda. Jirani yetu mmoja alikuwa akiniambia mbele ya wageni, "Mwanangu, ungepiga mswaki vizuri yasingekuwa hivyo." Nilipiga mswaki kuliko watoto wake wote! Doa lile ni la floraidi, madini yaliyojaa kwenye maji yetu, na limo ndani ya jino lenyewe. Liliingia wakati jino linajengeka, bado limejificha ndani ya fizi, katika ile miaka minane hivi ya mwanzo ya maisha. Ndiyo maana mtu anayehamia Arusha akiwa mkubwa anakunywa maji yale yale na meno yake yanabaki vilevile. Ukisugua na ndimu unaweka asidi juu ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, na enameli ikishaliwa haioti tena.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kung'arisha meno, katika kliniki moja ya Dar es Salaam. Dada wa mapokezi alinihakikishia kwamba "yatakuwa meupe peee". Waliniuliza kama nina mzio, wakaniuliza nitalipaje, lakini hakuna aliyeniuliza nimekulia wapi. Nikapakwa dawa, nikalala na taa mdomoni, nikapewa kioo. Kahawia ilikuwa imepauka kidogo, sawa. Ila ile mistari myeupe sasa ilikuwa inawaka! Kabla ya hapo mtu alihitaji kusogea karibu aione. Nilipotoka mle ndani aliyekaa ng'ambo ya barabara angeihesabu. King'arishi hakichagui, kinapandisha weupe wa jino zima, na sehemu iliyokuwa nyeupe tayari inazidi. Baada ya siku kadhaa mng'ao ule ulitulia, lakini maji baridi yalikuwa yanapiga meno hadi machozi, na wiki ile ile nilikuwa na sendi-ofu ya mdogo wangu. Picha zote za siku ile nimefunga mdomo. Mwenye meno ya floraidi anaweza kufaidika na kung'arisha, hasa kama hatua ya kwanza kabla ya tiba nyingine, lakini lazima aambiwe mapema kitakachotokea.

Halafu akatokea mtu wa "vinia kwa siku moja". Meno kumi juu, kumi chini, meupe ya karatasi, bei ya ofa. Nilimuuliza swali ambalo hadi leo namwambia kila anayeniuliza mambo haya: "Utapunguza jino langu mbele tu, au pande zote?" Akajibu, "Pande zote kidogo, ndiyo likae vizuri." Hiyo si vinia, hiyo ni kofia ya jino. Vinia ni ganda jembamba linalobandikwa upande wa mbele, na jino linapunguzwa kama nusu milimita hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Kofia inazunguka jino lote, na ili iingie jino linachongwa libaki kisiki. Jino lililooza nusu linaweza kuhitaji kofia. Yangu yalikuwa mazima, yana rangi tu.

Unene huo una maana kubwa. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, alikuwa akiwabandika waigizaji wa filimu maganda ya namna hii tangu 1928, lakini yalikuwa ya kuvaa wakati wa kupiga picha tu, kisha yanatolewa, kwa kuwa hapakuwa na gundi ya kuyashika. Mwaka 1955 Michael Buonocore akaonyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kwanza, vitu vinaishika. Miaka ya mwanzo ya 1980 kauri nayo ikaanza kuandaliwa kwa asidi upande wake wa ndani, na hapo ndipo vinia zikawa za kudumu. Kwa hiyo anayekumalizia enameli anakumalizia kile ambacho gundi inakishika vizuri kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye jino.

Daktari niliyemwamini hakunitajia vinia siku ya kwanza. Aliniuliza, "Dada, umekulia wapi?" nikajua nimefika. Meno ya chini aliyasugua kwa mchanganyiko wa asidi hafifu na unga wa kukwaruza, unaoondoa tabaka jembamba sana la juu. Madoa yake yalikuwa mepesi, na tiba yake iliishia hapo. Ya juu sita ndiyo yalihitaji kufunikwa. Alinipa uchaguzi wa kompoziti, ile plastiki ngumu ya kujazia meno, ambayo inajengwa mdomoni siku hiyo hiyo, ni nafuu na inakarabatika, lakini inashika rangi ya chai na huenda ikahitaji kubadilishwa baada ya miaka mitano au saba. Au kauri, inayotengenezwa maabara na inaweza kufika miaka kumi, kumi na mitano ukiitunza. Mimi chai siachi, nikachagua kauri. Bei? Laki kadhaa kwa jino moja. Zote sita zilikaribia bei ya bodaboda mpya, na nililipa kwa mafungu.

Sasa niseme nilichofanya ambacho najivunia hadi leo. Kabla jino halijaguswa, daktari aliweka plastiki laini ya majaribio juu ya meno yangu, yenye umbo ambalo vinia zingekuwa nalo. Wengi wanaangalia kioo, wanasema sawa. Mimi niliomba kioo nikatoka nacho nje kwenye jua, maana taa ya kliniki inadanganya rangi. Nikajirekodi kwa simu nikisema "Fundi wa viatu amefika na vifaa vyake," mara nyingi, polepole kisha haraka. Herufi F na V ndizo zinazofichua urefu: ncha za meno ya juu zinatakiwa ziguse mdomo wa chini kwa wepesi tu. Yangu yalikuwa yanaukandamiza, na "viatu" ilikuwa inatoka na upepo. Daktari akafupisha kidogo, nikarudi nje, nikarekodi tena, hadi sauti ikawa yangu. Hakuchoka hata kidogo, alisema angependa wote wafanye hivyo.

Rangi nayo ichaguliwe mwanzo wa miadi, meno yakiwa na mate. Ukikaa mdomo wazi muda mrefu meno yanakauka, yanaonekana meupe kuliko yalivyo, na utachagua kosa. Siku ya kubandika tulijaribisha kwanza kwa gundi ya muda inayosuuzwa kwa maji, na ile kahawia ya jino ikajitokeza chini ya ganda kama kivuli cha kijivu. Angebandika moja kwa moja ningeishi na meno ya kijivu. Alibadilisha rangi ya gundi, ikazuia kivuli. Pia aliacha asidi kwenye jino muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa enameli iliyojaa floraidi ni sugu kwa asidi. Kama ulikunywa maji yetu, mkumbushe daktari wako.

Sifungui soda kwa meno, miwa namenya kwa kisu, mahindi ya kuchoma napukuchua kwa mkono. Usiku navaa kinga ya plastiki kwa sababu nasaga meno nikilala. Ganda halitoboki, lakini jino nyuma yake linaoza kama jino lolote, kwa hiyo mswaki na uzi viko palepale.

Watoto wa dada yangu bado wako Maji ya Chai. Wadogo wanakunywa maji ya mvua, na magadi tumeyaondoa kwenye makande kwa sababu nayo yana floraidi. Kuchemsha maji hakusaidii, kunaongeza tu ukali wa floraidi maji yanapopungua. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na dada ameshaulizia chujio. Mkubwa wao yuko kidato cha pili, meno yake yameshabadilika rangi, na anataka vinia kama za mama mdogo. Nimemwambia asubiri afike miaka kumi na nane au zaidi, kwa kuwa kiini cha jino lake, ile sehemu laini ya ndani yenye neva, bado ni kikubwa na fizi hazijatulia. Likizo ya Desemba nampeleka kwa daktari wangu asuguliwe kwanza, gharama juu yangu.