Duara la saba lililomaliza kukwama kwa roboti yetu

Kwa wiki tatu nilikuwa nachomoa vipande kwa mkono. Roboti imesimama mbele ya mashine ya kuchonga vyuma, imebana kipande kipya. Ndani ya mashine kuna kipande kilichokwisha kuchongwa kinachongoja kutolewa. Roboti inangoja mashine iwe tupu, mashine inangoja roboti ije mikono mitupu. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa hitilafu. Kimya tu.

Niliongeza taima ya sekunde mbili kwenye programu ya PLC, kompyuta ndogo inayoongoza mitambo. Kukwama kukapungua, halafu kukarudi.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee wa zamu ya usiku. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Kijana wangu, vipande vikija polepole haikwami. Vikifuatana kwenye konveya, ndipo inakwama." Nilikuwa natafuta waya mbovu au kihisi kinachopotea, naye alikuwa ananiambia kwamba kosa liko kwenye mpangilio wa kazi wenyewe.

Nikakumbuka nyavu za Petri (njia ya kuchora mpangilio wa kazi kwa maduara na vipau), ambazo chuoni nilizisoma ili nifaulu tu. Asili yake ni tasnifu ya mwaka 1962 ya Mjerumani Carl Adam Petri. Duara ni hali, kipau ni tukio, na tokeni ndani ya duara inaonyesha kwamba hali hiyo ipo sasa. Tukio hutokea pale tu kila duara linaloliingia lina tokeni.

Nilichora maduara sita: roboti huru, roboti imebeba kipande kipya, roboti imebeba kilichokamilika, mashine tupu, mashine inachonga, mashine imemaliza. Matukio yakawa matano: kuchukua kutoka konveya, kuweka kwenye mashine, kumaliza kuchonga, kutoa, na kuweka kwenye konveya ya kutokea. Tokeni mbili tu mwanzoni, moja ya roboti huru na moja ya mashine tupu. Kabla ya kuendelea nilihakikisha kwamba tokeni za roboti zikijumlishwa ni 1 daima, na za mashine vilevile. Jumla hiyo ikiyumba, ujue mchoro wenyewe una kosa.

Kisha nikafuata kila njia kwa kalamu. Hali zinazofikika za roboti na mashine kwa pamoja zilikuwa 7, na moja haikuwa na mlango wa kutokea: roboti imebeba kipande kipya, mashine imemaliza. Kilichonishtua zaidi ni hali iliyoitangulia. Roboti ikishachukua kipande kipya wakati mashine bado inachonga, hakuna kilichokwama bado, lakini kutoka hapo njia ni moja tu, nayo inaishia kwenye mkwamo. Ndiyo maana taima haikuweza kutibu: ilipunguza nafasi ya kuingia kwenye njia hiyo, haikuifunga.

Wanaofanya uchambuzi huu wana neno sifoni: kundi la maduara ambalo likiishiwa tokeni zote haliwezi kupata nyingine tena. Kwetu lilikuwa roboti huru, mashine tupu na roboti yenye kipande kilichokamilika. Kwenye mkwamo, yote matatu ni matupu.

Dawa ikawa duara la saba lenye tokeni moja, mithili ya kibali. Roboti haichukui kipande kipya bila kibali, na kibali hurudi pale kipande kilichokamilika kinapotolewa kwenye mashine. Nilichora upya: hali zikabaki 5, zinazunguka bila kukwama. Mbili zilizoondoka ni mkwamo wenyewe na ile iliyoutangulia, kwa hiyo hatukupoteza hatua yoyote yenye manufaa. Ndani ya PLC kibali hicho ni biti moja. Taima nikaifuta.

Sasa natayarisha vituo viwili zaidi. Kalamu haitoshi tena: vituo vitatu vya namna ile ya mwanzo, hata bila kuunganishwa, vina hali 7 × 7 × 7, yaani 343. Hapo naanzia kwenye sifoni, nahakikisha kila moja haiwezi kukauka, na orodha ya hali naiachia kompyuta. Kituo cha pili kina rafu ya vipande viwili inayotumiwa na roboti mbili, na tayari nimeshaona sifoni moja inayonitia shaka.