Pale Rangi Mbili Zinapokutana

Ninapokaa mbele ya turubai tupu, sitafuti umbo wala wazo, natafuta mpaka. Kadiri ninavyoendelea kuchora sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga umbo la kitu chochote, ndivyo ninavyozidi kutambua kwamba kinachonisukuma kushika brashi si rangi yenyewe, hata zile rangi ninazozipenda kupita kiasi, bali ni ule ukingo mwembamba ambapo rangi moja inaishia na nyingine inaanzia. Hapo ndipo muda wangu mwingi unapokwenda, na hapo ndipo mchoro unaposimama au kuanguka. Wapo wanaodhani kwamba kazi yetu ni kurusha rangi ovyo na kungoja bahati. Natamani wangekaa nami siku moja tu wakaona jinsi mtu anavyoweza kushughulika tangu asubuhi hadi jioni na ukanda usiozidi upana wa kidole.

Ilhamu yangu hutoka katika vitu ambavyo kila mwenye macho huviona, na mara nyingi kitu hicho ni kivuli. Ukikitazama kwa makini kivuli kilichoangukia ardhini, utaona kwamba hakina ukingo mkali kila mahali, hata jua likiwa kali namna gani. Jua si nukta; ni duara ambalo kwa macho yetu lina upana wa takriban nusu digrii, kwa hiyo kandokando ya kivuli kuna ukanda unaopata mwanga wa sehemu tu ya jua, huku sehemu nyingine ikiwa imezibwa. Kitu kilicho umbali wa mita 1 kutoka mahali kivuli chake kinapoangukia hutengeneza ukanda wa mpito wa takriban sentimita 1. Umbali ukiwa mita 10, ukanda huo hukaribia sentimita 9. Ndiyo maana kivuli cha nguzo huwa kikali karibu na tako lake, kisha hulegea kadiri kinavyojinyoosha. Tangu nilipolielewa jambo hili sioni tena kivuli kuwa umbo jeusi lililolala chini. Naona safari ya ukingo kutoka ukali hadi ulaini, na safari hiyo ndiyo ninayoinakili katika kijitabu changu cha michoro: mistari isiyounda kitu chochote, yenye maelezo mafupi pembeni kama vile "huku mkali", "hapa unayeyuka", "hapa buluu inapenya".

Nikirudi studioni, kazi ya kwanza ni kuondoa. Naiondoa nguzo, naiondoa ardhi, naiondoa saa ya siku, hadi ninabaki na uhusiano mtupu wa giza na mwanga. Wapo wanaosema kwamba mchoraji wa sanaa dhahania ameukimbia ulimwengu. Sikubaliani nao kabisa, na ushahidi wangu ni michoro ya miti ya mchoraji Mholanzi Piet Mondrian ya mwaka 1911 na 1912. Ukiipanga kwa kufuatana, utaona matawi yakigeuka kuwa tao, kisha nafasi zilizo kati ya matawi zikipata uzito uleule wa matawi yenyewe, hadi isiwezekane tena kusema kipi ni mti na kipi ni hewa. Mtu aliyeukimbia mti hawezi kufika pale. Anayefika ni yule aliyeutazama kwa muda mrefu kuliko wengine, akavuka jina lake, akaendelea kutazama.

Somo kubwa kuliko yote kuhusu ukingo, hata hivyo, nililipata kwa mwanakemia. Michel Eugène Chevreul, Mfaransa aliyeanza kusimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins cha kufuma mapazia ya picha jijini Paris mwaka 1824, alipelekewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda hicho ilikuwa hafifu ilipofumwa kando ya buluu na zambarau. Aliipima ile rangi na hakuona kasoro. Kasoro ilikuwa katika ujirani: buluu iliyokaa kando ya nyeusi iliifanya nyeusi ionekane imepauka. Kutokana na uchunguzi huo alichapisha mwaka 1839 kitabu kinene kuhusu namna rangi zinavyobadilishana zinapowekwa pamoja, na humo alieleza jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijaribu kwa vipande viwili vya karatasi ya kijivu, kimoja cheupe kidogo kuliko kingine. Ukivigusanisha, ule upande mweupe utaonekana mweupe zaidi karibu kabisa na mpaka, na ule mweusi utaonekana mweusi zaidi, ingawa kila karatasi ina rangi moja tu kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa maneno mengine, jicho lenyewe huchora penye ukingo. Nikiwa na brashi mkononi siwezi kulipuuza jambo hilo, kwa sababu maana yake ni kwamba kila ninapobandika rangi mpya nimeibadilisha ile ya jirani bila kuigusa.

Mchoraji Josef Albers aliyachukulia maarifa hayo kuwa kazi ya maisha. Mfululizo wake wa miraba iliyo ndani ya miraba aliuanza mwaka 1950 na hakuuacha hadi alipofariki mwaka 1976, akiwa ametengeneza kazi zaidi ya 1,000. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba, na Albers alizoea kuanzia katikati ya ubao akienda nje, kama fundi anavyopaka mlango ili asijichafue. Alipaka kwa kisu, mara nyingi rangi ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye tyubu, na nyuma ya ubao aliandika majina ya rangi alizotumia pamoja na ya watengenezaji wake. Rangi zake hazipandani, zinagusana tu. Zamani niliona kazi hizo ni baridi, lakini siku hizi naona ni za ujasiri mkubwa, maana ameuacha ukingo ufanye kila kitu bila kusaidiwa na mkono unaotetemeka wala mchirizi wa kupendeza.

Katika kazi zangu naitambua mipaka ya aina tatu, na uamuzi wa kuchagua mmoja wapo ndio ninaouita uchoraji. Upo mpaka wa kupandana, ambapo rangi ya pili inalalia kidogo juu ya ya kwanza na kuifanya ionekane ipo nyuma. Upo wa kugusana, ambapo hakuna aliye mbele wala nyuma, na mvutano kati yao hauishi. Halafu upo wa kuachana, ambapo ninaacha ukanda mwembamba wa turubai kati ya rangi mbili, nao ukanda huo hugeuka kuwa mwanga. Huu wa tatu ndio unaonivuta zaidi sasa hivi. Mkono hauwezi kuutengeneza mwishoni. Lazima upangwe tangu mwanzo, kabla ya kujua rangi zenyewe zitakuwa zipi.

Vifaa navyo vina neno katika jambo hili, na ningependa wanaoanza walijue mapema. Akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, hukauka upesi, kwa hiyo hupendelea mipaka mikali. Ninapotaka mstari ulionyooka kabisa nabandika utepe wa karatasi wenye gundi, kisha naupaka kwanza ukingo wake kwa rangi ileile iliyo chini yake. Rangi hiyo ndiyo inayovuja chini ya utepe na kuziba matundu, na rangi mpya ikija juu haipati pa kupenya. Rangi ya mafuta ni tabia nyingine kabisa. Haikauki kwa kupoteza maji bali hukakamaa kwa kuchukua oksijeni hewani, polepole, na kila rangi ina mwendo wake: zile za udongo zenye manganizi, kama umba, huwahi, ilhali nyeusi ya mifupa huchelewa sana. Wakati huo wa kungoja ndio unaoniruhusu kulainisha ukingo kwa brashi kavu, leo kidogo na kesho kidogo. Ila sharti tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake, la sivyo la chini litaendelea kujivuta baada ya la juu kukakamaa, na mchoro utapasuka.

Kuna mpaka mwingine ambao hautengenezwi na brashi wala utepe, na siwezi kuutaja bila kumtaja mchoraji Mmarekani Helen Frankenthaler. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 23, baada ya safari ya Nova Scotia nchini Kanada, alitandaza sakafuni turubai kubwa isiyopakwa msingi, yaani lile tabaka la kwanza linalozuia rangi isizame kitambaani, na kumimina juu yake rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi kama maji. Rangi haikukaa juu ya kitambaa. Ilizama ndani yake. Kila doa liliamua lenyewe liishie wapi, na mafuta yakaenea mbele zaidi ya rangi, yakaacha utando hafifu kuzunguka umbo. Milima na bahari vimo katika mchoro ule, lakini vimo kama mtu anavyobeba mandhari mwilini baada ya kuondoka, si kama picha. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walikwenda kuutazama studioni kwake, na kazi zao zikabadilika baada ya hapo. Jambo hili lina gharama yake, kwa kuwa mafuta yanayogusa kitambaa kisicho na msingi hukidhoofisha kadiri miaka inavyopita, na ndiyo sababu mimi nikitaka mipaka ya namna hiyo hutumia akriliki iliyozimuliwa kwa maji. Lakini ujasiri wa kuuachia mchoro uamue ukingo wake naendelea kujifunza kwake.

Sasa niseme kuhusu kazi iliyo ukutani kwangu wiki hii. Ni turubai ndefu ya mlalo, ya kijivu kilichoelekea buluu na rangi ya udongo wa manjano, na chanzo chake ni mwanga uliokuwa ukipita chini ya mlango uliofungwa: mstari mkali upande mmoja, na upande wa pili mng'ao uliofifia sakafuni. Nilianza na kijivu, nikakipaka kwa tabaka nyembamba hadi kikapata kina, kisha nikaleta ile ya udongo kutoka chini. Kwa siku kadhaa mchoro ulikaa kimya. Niliupindua juu chini, nikautazama kwenye kioo, mwishowe nikaupiga picha isiyo na rangi, na jibu likaonekana mara moja: rangi mbili hizo zilikuwa na kiwango kilekile cha mwangaza, na bila rangi mpaka wote ulikuwa umetoweka. Hali hiyo si mbaya yenyewe. Katika mchoro wa mawio ya jua ambao mchoraji Mfaransa Claude Monet aliuchora mwaka 1872, jua la rangi ya chungwa lina mwangaza unaokaribiana mno na wa anga inayolizunguka, na ukiliondolea rangi karibu lipotee; ndiyo maana linaonekana kutetemeka. Mtetemo ule ndio niliokuwa nimeupata bila kuupanga, na swali likawa kama nauhitaji. Niliamua kuuacha upande wa kushoto tu, na upande wa kulia nikakifanya kijivu kiwe kizito, ili jicho litoke kwenye tetemeko lifike mahali panaposhikika. Uamuzi huo ulichukua dakika chache kuutekeleza, na mimi naona ndio mchoro wenyewe.

Uko pia ukingo ambao wachoraji wengi hatuufikirii, nao ni ule wa nje, mahali mchoro unapokutana na ukuta. Aliyenifumbua macho hapa ni mchoraji Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Baada ya kurejea nyumbani mwaka 1957 kutoka masomoni London, alianza kuzivunjavunja herufi za Kiarabu na kuzichunguza nafasi zilizo ndani na baina yake, hadi maumbo ya wanyama na mimea yakajitokeza humo. Mwaka 1975 aliwekwa gerezani kwa miezi sita bila kushtakiwa, na kwa kuwa kuchora kulikatazwa, alichora kwa siri kwenye vipande vidogo vya karatasi akavifukia mchangani. Baadaye alijenga kazi kubwa kwa namna hiyohiyo, akianza na kipande kimoja kilicho kiini, kisha akiongeza kingine na kingine kadiri mchoro ulivyodai kukua. Kazi yake kuu aliyoikamilisha mwaka 1985 ina paneli tisa. Hakuanza na ukubwa uliokwisha kukatwa. Ukingo wa nje kwake ulikuwa uamuzi wa mwisho, nami nimekuwa nikiukubali kama unavyotoka dukani, umepigwa misumari kwenye fremu kabla sijaweka doa la kwanza.

Kwa hiyo nimeanza kuchora juu ya kitambaa kisichofungwa kwenye fremu, kilichobandikwa ukutani na kuachwa kikubwa kuliko ninavyodhani nitahitaji. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mkono wangu hauhofii tena pembe. Rangi inakwenda inakotaka, na mimi nakata mwishoni, nikiwa na vipande viwili virefu vya kadibodi ninavyovisogeza huku na huko hadi nione mahali ambapo kijivu kikiongezwa hata sentimita moja kitazidi. Bado sijui kama ukingo wa namna hiyo unapaswa kukatwa kwa kisu kikali au kuachwa na nyuzi zake. Nimeviandaa vipande viwili vya majaribio, kimoja kwa kila njia, na vyote vimepakwa msingi tayari.