Nilivyoiunganisha maktaba ya nje na programu yangu ya kwanza ya Java

"Bofya kulia kwenye projekti, ongeza jar, umemaliza." Watu watatu waliniambia hivyo kwa nyakati tofauti nilipouliza jinsi ya kutumia maktaba, yaani kodi iliyoandikwa na wengine na kufungwa kwenye faili liitwalo jar, na wote watatu waliniacha njiani. Naandika kwa sababu najua kuna mtu usiku huu ameikodolea macho skrini kama nilivyoikodolea mimi, akiamini hana kichwa cha kuandika programu. Kichwa anacho. Alichokosa ni maelezo.

Programu yangu ilikuwa ndogo: unaingiza matumizi ya nyumbani, inayahifadhi kwenye databesi ya SQLite. Java haiji na draiva ya SQLite, maktaba inayoiwezesha kuzungumza na databesi hiyo. Unaipakua mwenyewe kama faili la jar, kisha unaielekeza Java lilipo. Niliandika kodi, nikakompaili, yaani nikaigeuza kuwa faili za .class ambazo Java inaziendesha, hapakuwa na kosa hata moja. Nikaiendesha, nikajibiwa kwamba draiva inayofaa haikupatikana: No suitable driver found for jdbc:sqlite:matumizi.db.

Kilichonitesa si kosa lenyewe, ni swali lililokuja nalo. Kama draiva haionekani, imekompaili vipi? Jibu nililipata siku nyingi baadaye. Kodi yangu ilitaja DriverManager na Connection tu, na hizo zimo kwenye java.sql, sehemu ya Java yenyewe. Wakati wa kukompaili hakuna anayeiulizia draiva. Inatafutwa programu ikishaanza kazi. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba kukompaili na kuendesha ni safari mbili, na kila safari inataka ionyeshwe zilipo maktaba inazozihitaji!

Badala yake nikapewa ushauri ulionigharimu Jumapili nzima. Nikaambiwa nilitupe lile jar ndani ya folda ya Java yenyewe, kwenye lib/ext, ili kila programu ilione. Nikaingia humo, nikaikuta lib, lakini ext haipo. Nikaiunda kwa mkono wangu, nikaweka jar, nikarudi kwenye programu. Haikufunguka. Nikajaribu programu nyingine iliyokuwa ikifanya kazi tangu juzi, nayo kimya. Nikaandika java -version, amri ya kuuliza toleo tu, hata hiyo ikakataa! Nilishaanza kupakua Java upya, kifurushi cha data kikiyeyuka, ndipo nikausoma ujumbe polepole, neno kwa neno. Ulikuwa umesema wazi: folda ya lib/ext ipo, utaratibu huo hautumiki tena, tumia -classpath. Utaratibu wa ext uliondolewa Java 9 ilipotoka mwaka 2017, nami nilikuwa na Java 17. Java mpya ikiikuta folda hiyo haiwaki kabisa. Nikaifuta ext, kila kitu kikafufuka. Nilihema kama mtu aliyetua gunia. Tangu siku hiyo folda ya Java siigusi. Maktaba zangu zinakaa kwenye folda ya lib ndani ya projekti.

Nikahamia kwenye -classpath, kwa kifupi -cp, orodha ya njia ambako Java itatafuta faili za .class na maktaba. Amri niliyonakili ilitenganisha njia kwa nukta mbili (:), kama inavyotakiwa kwenye Linux na Mac. Mimi niko Windows, na Windows inataka nukta mkato. Amri sahihi kwangu ni hii:

java -cp ".;lib/*" Matumizi

Usiisahau ile nukta ya mwanzo, ndiyo folda uliyomo. Ukiiacha, Java haitaiona hata klasi yako mwenyewe. Na ni lib/* tu, yaani jar zote zilizomo lib. Ukiandika lib/*.jar haikuelewi.

Lakini kosa likabaki lilelile. Hapa najivunia, kwa sababu ujanja huu niliugundua peke yangu. Faili la jar kwa ndani ni zip, kwa hiyo unaweza kulichungulia. Niliandika jar tf na jina la faili, orodha ikamwagika, na humo hapakuwa na faili hata moja la .class. Faili za kodi zote ziliishia .java! Nilikuwa nimepakua jar la sources, kodi ya kusoma, si la kuendesha. Nikapakua lililo sahihi, programu ikaandika rekodi yake ya kwanza. Sasa kila jar ninalopakua nalichungulia kwanza, ni kazi ya sekunde tano.

Najua watu wa Maven, zana inayopakua na kuunganisha maktaba yenyewe, watasema yote haya hufanywa na faili lake la pom.xml. Ni kweli, na kwa projekti kubwa natumia Maven. Ila anayeanza namsihi aunganishe walau maktaba moja kwa mkono, ili Maven ikikwama ajue pa kuangalia.

Dada yangu naye akaitaka programu. Nikaifunga kuwa jar, nikaiendesha kwa java -jar huku nimeweka -cp yangu mbele, draiva ikapotea tena. Kumbe ukitumia -jar, Java haiitazami -cp kabisa. Maktaba zinatajwa ndani ya manifesti, faili la maelezo lililomo kwenye jar, kwenye mstari wa Class-Path, na hapo zinatenganishwa kwa nafasi tupu, na kila moja kwa jina lake kamili, kwani nyota haikubaliki. Nikaandika mstari huo ukiwa wa mwisho kwenye faili, bado kimya. Dawa ilikuwa kubonyeza Enter baada yake: mstari wa mwisho usiofungwa kwa mstari mpya unaweza usisomwe. Jibu hilo nililipata usiku wa manane.

Asubuhi nilimpelekea dada folda nzima, jar na lib yake kando. Akabofya mara mbili, dirisha likafunguka, akaanza kuingiza matumizi ya wiki.