Laini mpya, namba ya mtu

Pakiti imefunguliwa sasa hivi, wakala amechukua namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole, meseji ya kukaribishwa mtandaoni imeingia. Kabla ya jioni inaingia nyingine: benki inaarifu kwamba shilingi 40,000 zimetolewa kwa ATM. Kisha mweka hazina wa kikoba anakumbusha marejesho ya Jumamosi. Kisha anapiga mama wa watu, anauliza, "Mwanangu, mbona kimya?" Chipu ni mpya, ila namba ina miaka mingi, na aliyeitumia kwanza hajahama bado.

Nimelifikiria jambo hili siku kadhaa. Linanisumbua kwa sababu wengi wetu tunalichukulia kama kero ya wiki moja, ya kupokea simu za watu tusiowajua na kuwaambia wamekosea namba. Hiyo ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni kwamba tumeigeuza namba ya simu kuwa kitambulisho, wakati namba yenyewe tumeikodi tu. Namba ya NIDA ni yako mpaka kufa. Ya simu ni ya mtandao, na ukiacha kuitumia inarudi dukani.

Na lazima irudi. Kiambishi kama 075 kinafuatwa na tarakimu saba tu, yaani namba 10,000,000, na watu tunashika laini mbili au tatu kila mmoja. Nyingine tulinunua kwa ajili ya ofa ya bando na kuzisahau mwezi uliofuata. Laini isiyopiga, isiyotuma wala kuwekewa vocha hufungwa baada ya miezi michache (siku 90 ndicho kipimo kinachotajwa mara nyingi), hukaa kando kwa muda, halafu hupewa mteja mwingine. Tanzania ilipoanza kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, tarehe 20 Januari 2020, wapo waliopoteza namba walizokaa nazo miaka na miaka. Akaunti zilizokuwa zimeunganishwa na namba hizo hazikuambiwa chochote.

Hapo ndipo penye kasoro. Mtandao wa simu una daftari lake, benki ina lake, WhatsApp lake, Google lake, bodi ya mikopo lake, na madaftari hayo hayasomani. SMS ya uthibitisho, ile yenye tarakimu sita unayotumiwa ukiingia kwenye akaunti, inathibitisha kitu kimoja tu: nani ameshika laini leo. Haisemi kama ndiye aliyeishika mwaka juzi akaunti ilipofunguliwa.

Marekani jambo hili limepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walikagua namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu zilikuwa zinawapa wateja. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Karibu theluthi mbili. Lakini kule angalau kuna kanuni kwamba namba ikae siku 45 kabla ya kukabidhiwa mtu mwingine, na tangu Novemba 2021 ipo hifadhidata ambamo kampuni inaweza kuuliza kama namba ya mteja wake imeshahamia kwa mtu mwingine. Naamini sisi tunahitaji chombo cha namna hiyo kuliko wao, kwa sababu huku kwetu namba ndiyo pochi.

Kwa anayechukua laini mpya, kazi ianze kabla kidole hakijaguswa. Ukiwa bado kwa wakala, hifadhi ile namba kwenye simu uliyo nayo na uitafute WhatsApp. Ikitokea picha ya mtu, mwombe wakala namba nyingine. Ni dakika moja, na inaokoa wiki nzima.

Ukishasajili, piga *106# uone kama namba imeingia kwa jina lako, na hapo hapo tazama namba nyingine zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua iondoe kwenye duka la mtandao husika, ukiwa na kitambulisho. Kisha, kabla ya kuweka hata shilingi, mwambie mtu aanze kukutumia pesa, asome jina linalotokea, aishie hapo bila kuingiza namba ya siri. Likitoka jina la mtu mwingine, pochi ya simu bado ni yake. Usiweke kitu mpaka duka la mtandao lirekebishe. Jaribio hili halina gharama na sioni kwa nini mawakala wasilifanye kwa kila mteja.

WhatsApp ina njia yake ya kuhisi kwamba namba imebadilisha mkono: akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika, kisha ikawashwa kwenye simu nyingine, picha na maelezo ya mwenye zamani hufutwa. Mazungumzo yake huyaoni, yalibaki kwenye simu yake. Vikundi ndivyo vinavyoweza kukukuta: kikoba, ukoo, harusi ya mtu. Toka bila kusoma, ukiacha sentensi moja kwamba namba ina mtu mwingine, ili wasiendelee kumwaga mambo yao mbele ya mgeni. Kama mwenye zamani aliweka PIN ya hatua mbili, utaombwa tarakimu sita usizozijua. Usibahatishe, subiri siku 7 na mfumo utakuruhusu kuweka upya. Ukishaingia, weka PIN yako mwenyewe siku hiyo hiyo na barua pepe ya kuirejesha.

Telegram ndiyo inayonitia hofu zaidi, na watu hawaijui tofauti yake. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram yanakaa kwenye seva. Kama mwenye zamani hakuweka nywila ya ziada, ile SMS moja inakufungulia kila kitu: picha za watoto, nakala za vyeti, mikataba, sauti za usiku. Unaingia kwenye nyumba ya mtu na taa zinawaka. Ikikutokea, fungua sehemu ya vifaa kwenye mipangilio, uone kama kuna simu nyingine iliyotumia akaunti hiyo siku za karibuni. Ikiwepo, mwenyewe bado yumo, anatumia akaunti yake bila kujua namba imeondoka. Mwandikie kwenye ule ukurasa wa kujitumia ujumbe mwenyewe, umwombe abadilishe namba kwenye mipangilio, kisha toka. Ukiifuta kwa haraka umemfutia miaka yake. Kama hakuna kifaa kilicho hai, futa akaunti na ufungue yako upya.

Kwa Facebook na Google, ukiandika namba mfumo ukakuletea jina na sura ya mtu na kukuuliza kama ni wewe, jibu ni hapana. Fungua akaunti yako kwa barua pepe. Kuomba nywila mpya ya akaunti ya mtu kwa sababu tu SMS inakuja kwako ni kuingia kwa mtu bila ruhusa, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa ajili ya hilo.

Upande wa anayeiacha namba ndio wenye kazi kubwa, na ndio usiofanywa. Usizime laini ya zamani siku uliyopata mpya. Ziendeshe zote mbili mwezi mmoja au miwili. Chukua ile ya zamani, fungua meseji, tafuta maneno haya moja moja: "OTP", "code", "uthibitisho", "akaunti", "password". Majina ya watumaji yatakayojitokeza ndiyo orodha ya mahali namba ilipounganishwa na akaunti. Kichwa chako hakiwezi kukumbuka zote. Anza na benki, na huko nenda tawini na kitambulisho. Fuatia barua pepe, kwa sababu atakayeipata hiyo amepata funguo za nyingine zote. Kisha bima ya afya, TIN (namba ya mlipakodi), bodi ya mikopo, maombi ya ajira. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba ndani ya mipangilio ya akaunti: inahamisha vikundi na inaweza kuwaarifu watu wako. Wengi hawaitumii, wanajisajili upya tu, na namba ya zamani inabaki ndani ya vikundi ikimsubiri mgeni.

Pale inapowezekana, acha kabisa kutegemea SMS. Programu ya uthibitishaji hutengeneza tarakimu sita mpya kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, laini iwepo isiwepo. Google hutoa pia namba 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako.

Kama shida ni bei za mtandao, namba haina haja ya kutupwa: tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao na namba yako. Kama laini imepotea, irudishe mapema kwa kitambulisho, kabla muda haujapita. Na ndugu walioko Muscat au London, ambao laini ya nyumbani ndiyo inayopokea OTP (tarakimu za uthibitisho) za benki, waitumie angalau mara moja kwa mwezi kwa kupiga au kutuma ujumbe. Kupokea tu kunaweza kusihesabike kuwa matumizi.

Anayetuma pesa kwa namba aliyoihifadhi miaka mitano iliyopita asome jina kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa geni, namba imehama. Pesa ikishaenda, piga 100, huduma kwa wateja, mara moja kabla haijatolewa, na usianze kugombana na aliyepokea, yeye hakuiba.

Liko swali moja ambalo nimelirudia mara nyingi. Mtu anapiga, anasema kwa upole kwamba namba hiyo ilikuwa yake, anahitaji kusomewa tarakimu zilizoingia sasa hivi tu, ili ahamishe akaunti yake. Huenda ni kweli. Matapeli nao husema maneno hayo hayo, neno kwa neno. Na kama tarakimu ni za WhatsApp nawe umeshajisajili kwa namba hiyo, inayohamishwa ni akaunti yako. Msimamo wangu ni kutosoma tarakimu kwa yeyote, hata kwa anayelia. Mwelekeze benki tawini, au kwenye huduma kwa wateja wa kampuni husika, ambako atajithibitisha kwa kitambulisho. Inauma kumkatalia mtu mwenye haki, lakini kwa simu hakuna njia ya kumtofautisha. Akiendelea kusumbua kwa meseji, namba yake itumwe 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Wadai wa mikopo wajibiwe kwa kifupi: namba hii nimeisajili mwezi huu, mdaiwa wenu simjui. Usitaje jina lako wala NIDA.

Yule mama asijibiwe hivyo. Kwake namba hiyo imeandikwa "Mwanangu", pengine na mjukuu aliyemsaidia kuiandika, na sauti ya mgeni itamfanya afikiri kuna msiba au simu imeibwa. Mwamkie kwanza. Mwambie polepole kwamba mtoto wake huenda amebadilisha namba, kwamba kampuni ya simu ndiyo iliyokupa hii, na mtajie tarehe uliyoipata. Muulize kama kuna ndugu mwingine anayeweza kumpigia. Halafu mwache akate yeye.